Mahali Miti Inapoishia: Matembezi ya Polepole Nje ya Lubumbashi

Watu wengi wa Lubumbashi, mji wa shaba kusini-mashariki mwa Kongo, wanaotoka mjini siku ya Jumapili hupanda gari hadi mahali penye maji na nyama ya kuchoma, kisha hurudi kabla ya giza. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza mimea inayoota juu ya udongo wenye madini, hushuka kando ya barabara ya Likasi kwenye kijiji chenye njia ya miguu inayoelekea vilimani, nikatembea kilomita sita au saba kwa nusu siku nzima. Anayekwenda mbio huvuka ardhi za aina tatu asitambue kwamba amepita mpaka hata mmoja. Majira ninayoyapendelea ni mwishoni mwa mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekatika na nyasi zikiwa bado hazijakauka.

Kijijini huanza kwa kutazama nyumba. Matofali yake ya kuchoma yametoka kwenye vichuguu, kwa kuwa udongo wa kawaida wa huku una mfinyanzi kidogo juu na haushikamani vizuri, ilhali mchwa wa aina ya Macrotermes falciger wamekuwa wakipandisha mfinyanzi kutoka chini kwa vizazi visivyohesabika. Vichuguu vyao hufikia mita 8 kwenda juu na mita 15 upana, na kimoja kilichopimwa umri katika eneo letu kilionekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Kwa hiyo ukiona kichuguu kilichokatwa upande mmoja kama mkate, na pembeni yake tanuri la matofali likifuka moshi, unatazama kitu kilichoanza kujengwa kabla ya mji wowote wa nchi hii kuwapo. Silaumu wanaokikata, kwani na mimi ninalala katika nyumba ya matofali hayo.

Mama mmoja anayeuza munkoyo mwanzoni mwa njia amenizoea. Mara ya mwisho aliniuliza, “Mwalimu, leo tena unaenda kuchuma yale majani yasiyopikwa?” Nikamwambia, “Ndiyo, Mama, sombe nimeiacha nyumbani,” yaani mboga ya majani ya muhogo. Alicheka, akanijazia chupa. Munkoyo wake ni uji wa mahindi uliopoa na kutiwa mizizi iliyopondwa, ambayo hugeuza wanga kuwa sukari, hata uji mzito ukawa kinywaji chepesi chenye utamu kabla haujaanza kuchachuka. Mizizi hiyo huchimbwa porini, kule kule niendako.

Nusu saa ya kwanza porini haifurahishi sana. Miti yote ni myembamba na ya kimo kimoja, kwa sababu ile mikubwa imekwisha kuwa makaa na kupikia bukari, yaani ugali, mjini. Hata hivyo pori la miombo halifi kwa shoka peke yake. Visiki na mizizi huchipua upya, na pori hurudi lisipochomwa moto kila mwaka wala kulimwa. Ukiendelea mbele unakuta muputu, mmoja wa miti ya miombo, wenye shina ambalo mikono ya mtu mmoja haiwezi kulizunguka, na mti wa mulombwa unaotambulika kwa matunda yake: sahani nyembamba yenye ukingo kama karatasi, na katikati kifundo kilichojaa miiba. Safari hii mulombwa mmoja ulikuwa umechanjwa kwa panga, na utomvu mwekundu ulikuwa umetiririka hadi chini na kuganda kama damu kwenye kidonda cha goti.

Kisha miti inakoma. Haipungui kidogo kidogo kama kwenye ukingo wa bonde lenye maji. Inakoma ndani ya hatua ishirini au thelathini, na mbele yako kuna mteremko wenye nyasi fupi na mawe yenye rangi ya kijani ya malakiti, madini yenye shaba. Mgeni hudhani kwamba mtu amefyeka. Hakuna aliyefyeka. Shaba iliyomo katika udongo ni sumu kwa mizizi ya miti mingi, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyozidi, hadi panabaki mimea iliyozoea. Vilima vya namna hii vimetapakaa kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, na mimea inayoota juu yake imeorodheshwa kuwa zaidi ya spishi 600, nyingine zikiwa hazipatikani popote kwingine duniani. Mbelgiji Paul Duvigneaud alichapisha uchunguzi mkubwa wa mimea hiyo mwaka 1958, lakini mafundi wa kuyeyusha shaba walikuwa wakiisoma karne nyingi kabla yake.

Mmea ninaoufuata ni Haumaniastrum katangense, ambao wachimbaji huuita ua la shaba. Ni wa jamii ya mrehani: ukilibiringisha shina kati ya vidole unahisi pembe zake nne, na juu kuna vichwa vidogo vya zambarau. Tatizo lake ni kwamba hauoti kwenye vilima vya asili tu. Huota pia pale wazee walipokuwa na matanuri ya kuyeyushia malakiti, na mimea ya shaba imejipandikiza hata karibu na mji, kwenye udongo uliopokea moshi wa viwanda tangu mwaka 1911. Ua linakuambia kwamba shaba ipo, halikuambii ilifikaje. Kwa hilo inabidi utazame chini, utafute mwamba, au vipande vya takataka nyeusi za tanuri, au usione chochote isipokuwa udongo ulioungua juu juu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipeleka maabara majani ya ua hili yakiwa na shaba nyingi ajabu, nikajiona nimegundua mmea unaokula shaba. Mwalimu wangu aliniuliza swali moja tu: niliyaosha vipi? Nilikuwa nimeyapangusa kwa kitambaa. Vumbi la kilima, lenyewe likiwa shaba, lilikuwa limenasa kwenye vinyweleo vya majani, na nilikuwa nimepima vumbi. Wenzetu wengi walikwisha kuteleza hapo hapo, na takwimu kadhaa za zamani zilipungua sana majani yalipooshwa ipasavyo.

Ndiyo maana hubeba chupa mbili. Nilikaa mahali miti inapoishia, mgongo kwenye muputu na miguu kwenye nyasi za shaba, nikanywa munkoyo wa yule mama hadi nusu, kisha nikafungua chupa ya maji safi na kuanza kuosha majani, moja moja, upande wa chini kwanza.