Mafuta ya zeituni: antioksidanti ziko kwenye chupa ipi?

Antioksidanti za zeituni zinafanya nini hasa mwilini?

Mwili unapochoma chakula kupata nguvu, huzalisha chembe zisizotulia ambazo hunyang'anya elektroni kutoka kwa chembe jirani. Antioksidanti huzituliza. Kwa upande wa moyo, linalotusumbua zaidi ni lehemu mbaya, LDL. Ikishaoksidishwa, seli za kinga huimeza, hujaa mafuta na kunasa kwenye ukuta wa mshipa wa damu; hapo ndipo mshipa unapoanza kuziba. Polifenoli, yaani antioksidanti za zeituni zenyewe, hasa haidroksitairosoli na jamaa zake, hupunguza kuoksidishwa huko.

Kwani si vitamini E inayosifiwa?

Ipo, ila kidogo. Kijiko kikubwa cha mafuta ya zeituni kina takriban miligramu 2 za vitamini E, na mtu mzima anahitaji kama 15 kwa siku. Kijiko hichohicho cha alizeti kina zaidi ya 5. Ingekuwa ni vitamini E tu, alizeti ya Singida ingeshinda mapema. Polifenoli hutoka kwenye nyama ya tunda la zeituni, na hubaki iwapo tu mafuta yamekamuliwa bila kusafishwa kwa joto na kemikali.

Kuna ushahidi, au ni matangazo?

Upo. Katika utafiti uliofanyika Ulaya na kuchapishwa 2006, wanaume 200 wenye afya walitumia mililita 25 za mafuta ya zeituni kila siku, wiki 3 kwa kila aina: yenye polifenoli kidogo sana, za wastani na nyingi. Kadiri polifenoli zilivyozidi, LDL iliyooksidishwa ilipungua. Tangu 2012, Umoja wa Ulaya unamruhusu muuzaji kutangaza faida hiyo pale tu gramu 20 za mafuta zinapokuwa na angalau miligramu 5 za haidroksitairosoli na jamaa zake. Chupa nyingi hazifiki hapo.

Halafu kuna PREDIMED, utafiti wa Hispania uliohusisha watu zaidi ya 7,400 walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo. Ulichapishwa 2013, ukaondolewa na kuchapishwa upya 2018 kwa sababu ya kasoro katika kuwagawa washiriki, lakini matokeo yalibaki karibu yaleyale: mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya magonjwa hayo vilipungua kwa takriban asilimia 30. Ila watu hao walifuata mlo mzima wa mboga, kunde na samaki, na kundi lililopewa lozi na jozi badala ya mafuta lilifanya vizuri karibu sawasawa. Mafuta peke yake hayastahili sifa zote.

Nikienda dukani nichague ipi?

Extra virgin, yaani yaliyokamuliwa tu bila kusafishwa. Chupa zilizoandikwa pure, light au pomace ni mafuta yaliyosafishwa kiwandani, pengine yakachanganywa na kiasi kidogo cha virgin. Polifenoli nyingi zimeshaondoka, hata kama picha ya mzeituni ni ileile. Chupa ndogo za duka la dawa zinazouzwa kwa ngozi na nywele usizile.

Chagua chupa ya kioo cheusi au kopo la bati, na utafute tarehe ya mavuno. Nchi za Mediterania huvuna zaidi kati ya Oktoba na Januari; mafuta yaliyopita miezi 18 tangu mavuno ni ya kuachia rafu. Rangi ya kijani haithibitishi kitu, na kuyagandisha kwenye friji vilevile.

Yanawasha koo. Yameharibika?

La, hiyo ni dalili njema. Mwasho huo ni wa oleokanthali, mojawapo ya polifenoli hizo, ambayo watafiti walionyesha mwaka 2005 kwamba huzuia vimeng'enya vilevile vinavyozuiwa na ibuprofeni (ingawa mililita 50 za mafuta ni sawa na sehemu ya kumi tu ya dozi, kwa hiyo usiyafanye dawa ya maumivu). Jipimie: mimina kijiko kimoja kwenye kikombe kidogo, kifunike kwa kiganja hadi kipate uvuguvugu, nusa, kisha onja. Uchungu kidogo na mwasho kooni ni polifenoli. Harufu ya karanga za zamani au ya nta ina maana yamechacha.

Naweza kukaangia?

Unaweza, hayatoi moshi hadi karibu nyuzijoto 190. Hasara ni kwamba polifenoli huungua. Jaribio moja la kukaanga kwa mafuta kidogo lilikuta zimepungua kwa asilimia 40 kwenye nyuzijoto 120, na kwa 75 kwenye 170. Bora uunge mboga kwa mafuta ya kawaida, kisha umwagie zeituni sufuria ikishaepuliwa: kwenye maharage, mchicha au kachumbari. Nyanya hufaidika pia, maana likopini, rangi yake nyekundu, hufyonzwa vizuri penye mafuta.

Chupa ikishafunguliwa, imalize ndani ya miezi miwili. Isikae kando ya jiko.

Kiasi gani kwa siku?

Gramu 20, yaani kijiko kikubwa kimoja na nusu, *badala ya* mafuta mengine. Kijiko kimoja ni kilokalori 120. Ukiongeza juu ya unayotumia tayari, unaongeza uzito.

Nina presha. Niache vidonge?

Hapana.

Kunywa kikombe kizima cha mafuta haya na ndimu kunatoa mawe ya nyongo?

Vijiwe laini vya kijani vinavyoonekana chooni vilipimwa maabara, na majibu yakachapishwa 2005: ni mafuta yaliyogeuka sabuni tumboni. Hatari ni ya kweli lakini. Mafuta mengi kwa mkupuo hukifanya kifuko cha nyongo kijikamue kwa nguvu, na jiwe la kweli linaweza kukwama kwenye mrija. Ukiwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, homa au macho ya njano, nenda hospitali siku hiyohiyo.