Hapana, Shemeji, Timu Yetu Haipandi Daraja

Novemba ndiyo likizo yetu, na mwaka huu niliitumia Tanga kwenye harusi ya binamu. Nimekaa na sahani yangu ya pilau, shemeji yangu mmoja, mtu wa soka hasa, akanisogelea: "Hivi hiyo timu yenu ya besiboli, shemeji, mtapanda lini Ligi Kuu?" Nikamjibu hatupandi. Akanishika bega, akasema pole, kwa sauti ile ya kumpa mkono mfiwa.

Swali hilo nimeulizwa na dereva wa bodaboda, ofisa wa benki na mama mkwe. Kwa mama mkwe nilijikaza. Kwa shemeji nimeamua kuandika, na nitamtumia kiungo.

Mimi ni mchambuzi wa takwimu katika timu ya besiboli ya ngazi ya Double-A huko Marekani. Nakaa nyuma ya mdakaji, yule anayeudaka mpira usipopigwa, na kompyuta mbili, napima kila mpira unaorushwa: kasi, mzunguko, umepinda kiasi gani. Timu yetu si ya daraja la pili. Ni shamba. Wamarekani wenyewe wanaiita hivyo tangu enzi za Branch Rickey, aliyeanza kuijengea St. Louis Cardinals mashamba ya namna hii miaka ya 1920, kwa kuwa klabu yake haikuwa na fedha za kushindana na matajiri kununua wachezaji waliokwisha iva. Akaona heri awapande mwenyewe.

Kila klabu kati ya 30 za Ligi Kuu ya besiboli ya huko (MLB) ina timu nne za msimu mzima chini yake, kuanzia ngazi ya chini: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Jumla 120. Kabla ya mageuzi ya 2021 zilikuwa kama 160, na miji mingi midogo ikaamka siku moja haina timu. Chini ya hizo kuna ligi za viwanja vya mazoezi Arizona na Florida, na nyingine Jamhuri ya Dominika. Anayepanda na kushuka ni mchezaji mmojammoja. Timu inabaki palepale ilipo, hata ikishinda mechi zote.

Sasa sikiliza jambo ambalo mtu wa soka hulikataa hata ukimwapia. Chukulia Simba ina timu Mbeya. Mmiliki wa timu ya Mbeya ni mfanyabiashara wa hukohuko: anauza tiketi, soda na mishikaki, anapiga fataki kila Ijumaa. Ila wachezaji wote wameajiriwa na Simba, kocha ameajiriwa na Simba, na mimi mwenye kompyuta pia. Simba wakimtaka mshambuliaji wako asubuhi ya fainali, anapanda basi. Hakuna kikao, hakuna ada, hakuna kukuomba radhi. Wewe wa Mbeya unabaki na fataki zako.

Na kocha hapangi kikosi apendavyo. Mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, ameandikiwa mipira 75, akifika 75 anatoka, hata kama hajaruhusu mtu kugusa kituo cha kwanza. Mashabiki wanazomea. Wanazomea lahajedwali.

Mengine nitayapitia haraka. Mshahara: hadi 2022 kima cha chini Single-A kilikuwa dola 11,000 kwa mwaka, Triple-A 17,500. Vijana walikuwa wanalala sita kwenye nyumba ya vyumba viwili, juu ya magodoro ya kujaza upepo. Ikaja kesi iliyomalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 185, klabu zikaanza kutoa makazi 2022, wachezaji wakaingia kwenye chama kilekile cha wale wa Ligi Kuu, na mkataba wao wa kwanza, wa 2023, ukapandisha viwango hadi 26,200 na 35,800. Si utajiri. Lakini ukisikia mtu anasema "wanalipwa mamilioni hao", mwambie atulie.

Ninalotaka kukaa nalo ni neno "kushushwa", maana ndilo linalonitoa moshi masikioni.

Kila klabu ina orodha ya wachezaji 40, na kati yao 26 ndio wanaocheza Ligi Kuu kwa siku husika. Aliye ndani ya 40 anaweza kurudishwa shambani kwa kitu kinachoitwa opsheni, na kwa kawaida anazo za misimu mitatu. Zikiisha, klabu haiwezi kumteremsha bila kwanza kumpitisha mbele ya klabu nyingine zote, na yeyote anayemtaka anamchukua. Chukua warushaji wawili. Wa kwanza ni mzuri zaidi, ana opsheni mbili mkononi. Wa pili amechoka kidogo, mpira wake umepungua kasi, lakini opsheni zimekwisha. Nani anateremshwa? Yule mzuri! Kwa sababu yeye atarudi, na huyu mwingine akitolewa nje ya mlango tu, jirani kamdaka.

Au hii: kijana ameingia jana usiku, mechi ikaenda awamu 13 badala ya tisa za kawaida, akarusha mipira 48 na kuokoa mechi. Wenzake wamemkumbatia. Asubuhi anaambiwa funga begi. Kosa lake? Mkono wake hautatumika kwa siku tatu, na klabu inahitaji mkono mbichi leo jioni. Kanuni inasema mrushaji akiteremshwa kwa opsheni akae chini siku 15 kabla ya kurudi, isipokuwa anaziba nafasi ya majeruhi. Asiye mrushaji siku 10. Tangu 2022 wamezuia kumteremsha mtu mmoja zaidi ya mara tano kwa msimu. Tafakari kwamba ilibidi iandikwe kanuni. Na juu huko mtu analipwa kwa siku: kwa kima cha chini cha 2024, dola 740,000, ni karibu dola 4,000 kila jua likichomoza. Halafu gazeti linaandika "ashushwa daraja", shangazi zake nyumbani wanafunga novena.

Kwa hiyo nikisikia "ameshushwa, kiwango kimeporomoka", naomba nionyeshwe opsheni zake kwanza. Wakati mwingine kweli kiwango kimeporomoka. Mara nyingi ni hesabu za karani.

Wa pili kwa kuniudhi ni anayesoma takwimu za ligi ndogo kama matokeo ya kidato cha nne. Albuquerque, mji wenye timu ya Triple-A ya klabu ya Colorado Rockies, uko mita kama 1,600 juu ya bahari, chini kidogo tu ya Nairobi. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka kama umekopeshwa mbawa. Mtu akiniletea orodha ya vijana waliovusha mipira 25 juu ya ukuta wa kule, namuuliza mingapi ingevuka Tanga, kwenye hewa nzito ya bahari.

Kinyume chake ni Michael Jordan. Kila mtu anacheka: 1994 aliacha kikapu, akaenda Double-A na Birmingham Barons, akapiga wastani wa 0.202 (yaani kama mapigo 20 yaliyofaulu kwa kila majaribio 100) katika mechi 127. "Alishindwa." Ndugu yangu, mtu hajashika gongo kwa ushindani tangu shule ya sekondari, ana miaka 31, wanamtupa moja kwa moja kwenye ngazi ambayo mrushaji amekwisha jifunza kukurushia mpira wa kupinda pale unaposubiri wa kasi. Double-A ndiyo chujio letu. Nimeona vijana waliolipwa fedha nyingi kusaini wakifika hapa na kupiga 0.190, na wao wamelelewa na gongo. Kwangu 0.202 ya Jordan ni maajabu, na sitabishana tena.

Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers, klabu ya Ligi Kuu, waliposajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, simu yangu iliwaka: "Waganda wako Ligi Kuu!" Hawakuwa Ligi Kuu. Walikuwa wameingia shambani kwa mlango wa chini kabisa, jambo kubwa kwa haki yake. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Akavaa jezi ya Ligi Kuu Aprili 26, 2017, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika huko, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira wa mrushaji Jon Lester akafika kituo. Hesabu mwenyewe miaka ya mabasi katikati hapo.

Sasa niseme lisilosemwa kwenye mafunzo yetu. Tunajiita idara ya maendeleo, lakini sina hakika ni wangapi tunawaendeleza na wangapi tunawachuja tu. Mike Piazza alichaguliwa raundi ya 62 ya usajili wa 1988, ule ambao klabu huchagua vijana kwa zamu, leo yumo kwenye ukumbi wa magwiji. Usajili wa sasa una raundi 20. Mtu wa aina yake asingeitwa hata jina. Na katika kila kikosi chetu, vijana wachache ndio klabu inaowatazamia kwa dhati. Wengine wapo ili hao wachache wawe na watu wa kucheza nao. Wanajua. Mimi pia najua, na nikiwaonyesha video zao naongea kana kwamba sijui. Sijapata njia nyingine.

Mike Hessman alivusha mipira 433 katika ligi ndogo, rekodi ya Marekani, na 14 tu Ligi Kuu. Nimejaribu mara kadhaa kumweka kwenye kundi la waliofaulu au la walioshindwa, kalamu inagoma.

Shemeji aliposikiliza yote haya kule harusini, pilau imekwisha poa, aliuliza, "Lakini kombe si lipo?" Lipo. Msimu mmoja tulifika fainali, na siku mbili kabla ya mechi mrushaji wetu bora akaitwa juu. Tukapigwa 9 kwa 1. Kocha wetu akapigiwa simu usiku huohuo na klabu mama, wakampongeza kwa kazi nzuri.

"Walikuwa wanamkejeli?" shemeji akauliza.

Nikamwambia hapana, na hapo ndipo aliponitazama kwa huruma ya kweli.