Gugu vamizi ni gugu gani, na kwa nini kiduha hakimo

Mkulima wa Masasi au Nachingwea anapokuta shamba lake la mahindi limefunikwa na mimea ambayo hakuipanda, neno linalomjia kwanza ni gugu, na neno hilo linamtosha kwa kazi ya siku hiyo, kwa sababu gugu ni mmea wowote ulioota mahali ambapo mwenye shamba hakuutaka. Hata muhogo uliojiotea katikati ya ufuta ni gugu kwa maana hiyo. Siku hizi linasikika pia neno gugu vamizi, na wengi hulitumia kwa kila mmea sugu unaochosha jembe. Naona matumizi hayo yanatuponza, kwa kuwa gugu la kawaida na gugu vamizi hayadhibitiwi kwa njia moja, na anayechanganya majina huishia kuchanganya hata dawa.

Gugu vamizi ni mmea uliotolewa katika makazi yake ya asili, ukafikishwa mahali papya na binadamu kwa kukusudia au bila kukusudia, ukaweza kuzaliana na kusambaa huko bila kusaidiwa na mtu, na hatimaye ukaleta madhara kwa mazao, mifugo, afya ya watu au uoto wa asili. Ni lazima mambo hayo yote yatimie. Ugeni peke yake si kosa, na sisi wa Mtwara na Lindi tunapaswa kulijua hilo kuliko watu wengine, kwa maana mkorosho, mti uliosomesha watoto wengi wa mikoa hii, asili yake ni Brazil na uliletwa katika pwani ya Afrika Mashariki na Wareno katika karne ya 16. Mahindi na mihogo nayo ilitoka bara la Amerika. Vilevile usugu peke yake hautoshi: ndago huchipua upya kutoka kwenye viazi vyake vidogo kila baada ya palizi, lakini Afrika ni sehemu ya makazi yake ya asili, kwa hiyo kwetu ni gugu sugu tu. Kwa upande mwingine kishonanguo, ambacho wengi wetu tulikikuta kikinata kwenye kaptula zetu tangu utotoni na tukadhani ni cha hapa tangu zamani, kilitoka Amerika ya joto.

Mfano unaonisaidia zaidi kueleza tofauti hii ni kiduha. Kila aliyelima mtama, mahindi, uwele au mpunga wa mlimani katika ardhi ya kichanga iliyochoka anakifahamu: kimmea kifupi, mara nyingi chini ya sentimita 30, chenye maua madogo mekundu yanayopendeza macho huku mazao pembeni yake yamedumaa na kunyauka kana kwamba mvua haikunyesha. Kiduha hujishikiza kwenye mizizi ya nafaka na kunyonya maji na virutubisho vyake, na sehemu kubwa ya madhara huwa imekwisha kutokea chini ya udongo kabla mkulima hajaona jani lolote juu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, nazo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikiwa hai, zikisubiri kemikali zinazotolewa na mzizi wa mmea unaozifaa ndipo ziote. Kwa ukali huo mtu angetarajia kiduha kiongoze orodha ya magugu vamizi ya Mtwara. La hasha, hakimo, kwa sababu kiko nyumbani. Kimeishi na nyasi na nafaka za Afrika kwa muda mrefu, nacho hushamiri hasa pale tulipolima nafaka mfululizo bila kurudisha rutuba.

Mwaka 1956 kiduha hichohicho kilitambuliwa katika majimbo ya North Carolina na South Carolina nchini Marekani, ambako hakikuwa na asili. Huko kilikuwa vamizi kwa maana kamili ya neno, na Wamarekani walikishughulikia hivyo: waliweka karantini iliyozuia udongo, mazao na mashine kutoka mashamba yaliyoathirika bila kukaguliwa, wakaingiza ardhini gesi inayozilazimisha mbegu kuota wakati hakuna zao la kunyonya, na wakaendelea na kazi hiyo kwa miongo mingi. Eneo lililoathirika, ambalo lilizidi ekari 400,000, limepunguzwa hadi sehemu ndogo sana iliyobaki. Lengo lao lilikuwa kukifuta kabisa. Sisi hatuwezi kuweka lengo hilo, wala hatulihitaji. Lengo letu ni kuishi nacho kikiwa dhaifu. Mbaazi, karanga, kunde na ufuta, mazao ambayo tayari tunayalima, huziamsha mbegu za kiduha bila kuzipa mzizi wa kunyonya, zikafa, na ndiyo maana kubadilisha au kuchanganya mazao hayo na nafaka kuna faida kubwa kuliko palizi pekee. Samadi iliyoiva vizuri husaidia pia, pamoja na kung'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu, na kwa mtama ziko aina zinazostahimili, kama Hakika na Wahi.

Mmea ule ule, basi, ni mwenyeji hapa na ni mvamizi kule. Ndivyo ilivyo pia kwa jamii ya geraniamu pori inayojulikana kwa sayansi kama Geranium robertianum, ambayo Ulaya ni ua la kawaida la vichakani, lakini katika jimbo la Washington huko Marekani imeorodheshwa kisheria kuwa gugu hatari kwa sababu hustawi hata kwenye kivuli cha misitu na kuifunika mimea midogo ya asili. Tunda lake lina umbo la mdomo wa ndege, na likikauka hufyatuka na kuzirusha mbegu mita kadhaa. Mizizi yake ni mifupi na hung'oka kwa mkono bila shida, jambo linaloonyesha kwamba gugu vamizi si lazima liwe gumu kung'oa. Linaweza kuwa laini likashinda kwa wingi na kwa kasi. Mara nyingi sababu ya kasi hiyo ni kwamba wadudu na magonjwa yaliyolizuia kwao hayakusafiri nalo.

Kwetu, mmea ambao ningependa kila mtu aujue kwa sura kabla haujatuzoea ni gugu karoti. Lilithibitishwa Arusha mwaka 2010, asili yake ni Amerika, na husafiri kwa urahisi kandokando ya barabara, katika matope ya magari, katika mbegu zisizosafishwa na katika malisho. Likiwa changa majani yake yamekatikakatika kama ya karoti na hulala chini kwa mduara. Likikua husimama hadi kufikia mita moja au zaidi, lenye matawi mengi na vichwa vidogo vya maua meupe. Mmea mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Huzuia mimea mingine kuota karibu yake, ng'ombe wakilila maziwa yao huwa machungu, na watu wengi wakiligusa mara kwa mara huwashwa ngozi au kubanwa kifua. Magari ya mizigo hufika Mtwara na Lindi kila siku, hivyo kando ya barabara kuu na kwenye viwanja vya kupakulia ndipo macho yanapopaswa kuanzia.

Gugu vamizi jingine ni lantana, ambayo imeshaenea katika maeneo mengi ya pwani, tena mara nyingi ilianza kama ua la uani. Shina lake lina pembe nne na miiba midogo iliyopinda, majani yake hukwaruza na hunuka yakipondwa, maua huchanganya manjano, chungwa na waridi katika kichwa kimoja, na matunda yakiiva huwa meusi ya kung'aa. Ndege huyala na kuzisambaza mbegu. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi. Katika misitu kama ya Rondo mkoani Lindi, wanakoishi komba wadogo wa Rondo ambao hawapatikani nje ya Tanzania, kichaka cha namna hii kikitanda chini ya miti huzuia miche ya miti ya asili isipate mwanga, na hiyo ni hasara isiyolipika kwa msimu mmoja.

Udhibiti wa gugu vamizi hutegemea limefika hatua gani. Likiwa mashina machache, kazi ni kung'oa yote pamoja na mizizi kabla ya kutoa maua, na kumjulisha ofisa ugani, kwa kuwa bado linaweza kufutwa. Likishatapakaa, kazi hugeuka kuwa kulizuia lisivuke kwenda eneo safi. Kwa gugu karoti mtu avae glavu na afunike pua. Lantana ikikatwa juu tu huchipua tena kwa nguvu, na moto pekee hauiui, kwa hiyo ni sharti kuchimba kitako cha shina. Dawa ya magugu ina nafasi yake, lakini chini ya mikorosho michanga upepo kidogo tu huipeleka kwenye majani yasiyokusudiwa. Mimea iliyong'olewa ikiwa na mbegu ifungwe kwenye mfuko, isiburutwe shambani, kisha ichomwe ndani ya shimo mbali na mikorosho, kwani kiangazi majani makavu chini ya miti hiyo hushika moto upesi. Mahali ilipotoka pawekewe alama na pakaguliwe mara tu mvua za Desemba zinapoanza, mwaka huo na miaka kadhaa inayofuata, hadi pasiote tena mche hata mmoja.