Kufanywa wana: maana yake kwa mtu anayejiuliza yeye ni nani

Kwenye cheti cha ubatizo cha usharika wetu kuna mstari ulioandikwa "Jina la baba". Nimejaza vyeti hivyo kwa zaidi ya miaka 15, na kila nikifika kwenye mstari huo, mama aliyekaa mbele yangu akainamisha macho, najua nitaweka kistari. Miaka inapita, mtoto yuleyule anarudi na cheti chake kuanza mafundisho ya kipaimara. Mwaka jana binti mmoja alinikabidhi chake kimekunjwa mara nne, kile kistari kimefichwa ndani kabisa ya mkunjo. Hakutaka wenzake wakione.

Kwetu mtu mzima akikutana na mtoto asiyemfahamu humuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Jibu ndilo linalompa mtoto mahali pa kusimama: ukoo wake, shamba lao, watu wa kumlilia akipatwa na jambo. Asiye na jibu huwa kama mgeni hata pale alipozaliwa. Ndiyo maana wakija vijana kuniuliza Biblia inasemaje juu ya thamani ya mtu, huwa sianzii kwenye "mfano wa Mungu" wala "kiumbe kipya", ingawa yote mawili ni kweli na yana uzito wake. Naanzia kwenye neno ambalo wengi hulipita haraka: kufanywa wana.

Mtume Paulo ndiye anayelitumia. Katika Warumi 8:15 anaandika: "Kwa kuwa hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu; bali mlipokea roho ya kufanywa wana, ambayo kwa hiyo twalia, Aba, yaani, Baba." Linarudi katika Wagalatia 4:5 na Waefeso 1:5. Kwa Kigiriki ni huiothesia, yaani kumweka mtu katika nafasi ya mwana. Kabla halijawa neno la kanisani lilikuwa neno la sheria na urithi.

Tukisikia leo habari za kuasili mtoto tunafikiria kichanga aliyeachwa. Kwa Warumi wa kale haikuwa hivyo. Mara nyingi aliyechukuliwa alikuwa mwanamume mzima, na aliyemchukua alikuwa mtu asiye na mrithi, akitaka jina na mali ya nyumba yake visipotee. Siku hiyo mtu alitoka chini ya mamlaka ya baba wa kwanza, akachukua jina la baba mpya, akahesabiwa mrithi sawasawa na aliyezaliwa humo. Barua kwa Warumi iliandikwa yapata mwaka 57, na aliyekuwa akitawala Roma ni Nero. Huyo hakuwa mtoto wa kumzaa wa Kaisari Klaudio. Alifanywa mwana mwaka 50, na mwaka 54 akarithi utawala, ingawa Klaudio alikuwa na mtoto wake wa damu, Britannicus. Kwa hiyo Wakristo wa Roma waliposomewa maneno "kufanywa wana", hawakuhitaji maelezo. Mwana wa kufanywa ndiye aliyekuwa akiwatawala.

Ila kuna tofauti moja, na kwangu mimi ndiyo kiini cha neno lote. Mrumi alichagua. Alitazama vijana wenye akili, wenye afya, wa familia zenye jina, akamchukua aliyemfaa. Paulo anasema Mungu hakusubiri hayo. Katika barua hiyohiyo, sura ya 5, anasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi, tena tulipokuwa adui. Yaani mtu anapokelewa nyumbani kwanza, kisha anafundishwa kuishi kama watu wa nyumba hiyo. Hata Yesu mwenyewe, katika Mathayo 3:17, anasikia sauti ikisema "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye" akiwa ndiyo kwanza anatoka majini Yordani. Hajahubiri, hajaponya mtu. Kijana aliyeona matokeo yake ya kidato cha nne yamebandikwa mtandaoni, majirani wote wakiyafungua kwenye simu, anahitaji kuusikia mpangilio huo: kupendwa kumetangulia kazi.

Paulo alikuwa na vyeti vyake pia. Katika Wafilipi 3 anavitaja kimoja kimoja: alitahiriwa siku ya nane, ni wa kabila la Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, Farisayo. Kisha anasema anavihesabu kuwa kama mavi. Biblia yetu ya Kiswahili haikulipaka neno hilo sukari, nami nashukuru.

Jambo jingine linalonifurahisha ni la lugha. Neno la Kigiriki limejengwa juu ya "mwana wa kiume", kwa sababu mrithi wa siku zile kwa kawaida alikuwa wa kiume. Kiswahili kimelitoa kwenye kifungo hicho bila hata kujitahidi: mwana wetu ni wa kike au wa kiume. Binti akisoma Wagalatia 3:26, "ninyi nyote mmekuwa wana wa Mungu", hana haja ya kuuliza kama na yeye yumo.

Na huku kwetu "roho ya utumwa" haikuwa mfano tu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana palepale Mkunazini. Mwaka 1875 kikaanzishwa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kijiji cha walioachiwa huru. Wengi walikuwa wametekwa wakiwa wadogo, wametembezwa mamia ya maili toka bara, hata jina la kijiji chao wamelisahau. Uwaulize wao, "Wewe mtoto wa nani?" Walipobatizwa wengi walipewa majina ya Kizungu, jambo ambalo mimi silisifu, kwa sababu Mungu anayemwita mtu mwana hana ugomvi na jina alilopewa na bibi yake. Lakini nikifikiria watu wale wakisomewa maneno ya Paulo kuhusu utumwa na urithi, najua waliyasikia kwa masikio ambayo sisi hatuna.

Neno hili hutumiwa vibaya kwa njia mbili. Nimewahi kusikia ikihubiriwa kwamba mtoto wa Mfalme hapandi daladala, kwamba thamani yako kwa Mungu itaonekana kwa gari na nyumba. Mistari miwili tu mbele, Warumi 8:17, Paulo anasema tu warithi pamoja na Kristo "tukiteswa pamoja naye". Lile neno Aba, la Kiaramu cha nyumbani, walilolitumia watoto na watu wazima pia, Injili inatuonyesha Yesu akilitamka mahali pamoja tu: Gethsemane, Marko 14:36, usiku wa kuamkia kifo chake. Mwana alikuwa mwana akiwa anatetemeka.

Njia ya pili inaniuma zaidi. Ni kumwambia mtoto aliyetelekezwa, "Usijali, una Baba wa mbinguni," ili tu anyamaze. Baba aliyekimbia bado anadaiwa ada, chakula na maelezo, na kanisa halina ruhusa ya kumfutia deni hilo kwa mstari wa Biblia. Mtoto ana haki ya kulia. Kufanywa wana hakumwambii kwamba hakuumizwa. Kunamwambia kwamba aliyemwacha hakuondoka na thamani yake.

Yule binti nilimweleza karibu yote haya, kwa maneno mafupi zaidi. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Sasa hapa pataandikwa nini?" Nikamwambia ukweli: kistari kitabaki, kwa kuwa cheti ni kumbukumbu na mimi siwezi kubuni jina. Akakitazama kwa muda. Halafu kidole chake kikashuka mistari mitatu chini, pale palipochapwa kwamba mtajwa amebatizwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Akasoma kwa sauti ndogo, "jina la Baba". Akarudi juu kwenye kile kistari, akashuka tena.

Alikikunja mara moja tu, akakiweka katikati ya daftari lake.