Kuchonga kete zako si kuiba hataza

Anayechonga kete za Monopoly, mchezo wa ubaoni wa kununua viwanja na nyumba, hapa Mwanjelwa, Mbeya, hutishwa kwamba anavunja hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Si kweli. Hataza ya mchezo huo, ya Charles Darrow, ilitolewa Marekani mwaka 1935 na muda wake uliisha zamani. Tena hataza hulinda katika nchi iliyoitoa tu. Ila kujitetea kwa kusema "siuzi" si kinga kila mahali: kule Marekani, hataza ikiwa hai, hata kutengeneza tu ni kuivunja.

Kinacholindwa bado ni jina, maana ni alama ya biashara. Basi chukua vipande vya paina ya Mufindi, kata vijumba vya mchezo huo, vipige msasa mpaka kona zisikwaruze vidole vya watoto, vipake kijani. Ukiuza, jina hilo lisiwepo kwenye boksi.