Tunda tamu unalijuaje kabla ya kulikata?

Swali: Rangi ya ganda inatosha kuonyesha kuwa tunda limeiva?

Jibu: Haitoshi, na chungwa ndilo linaloongoza kwa kudanganya. Ganda lake hubadilika rangi likipata baridi. Penye joto mwaka mzima huweza kubaki kijani huku ndani limeshaiva. Yapime kwa mkono. Kati ya mawili yanayolingana ukubwa, lililo zito ndilo lenye maji mengi.

Swali: Nikinunua tunda bichi, litaiva nyumbani?

Jibu: Inategemea ni tunda gani. Ndizi, embe, papai na parachichi huendelea kuiva baada ya kuchumwa, mradi yawe yamekomaa mtini. Hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva, ndiyo maana ukiyavundika pamoja na ndizi mbivu yanawahi. Lakini embe lililochumwa changa litalainika na kunywea tu; usilisubirie utamu.

Nanasi, chungwa, zabibu na tikitimaji haviongezi sukari vikishachumwa. Nanasi linaweza kugeuka manjano likiwa mezani kwako, na utamu ukabaki uleule. Kwa hiyo linuse kitakoni: harufu iwe tamu, isiwe ya kuchacha. Tikitimaji ligeuze utafute baka la pale lilipolalia ardhi. Likiwa manjano, chukua. Likiwa jeupe, lilivunwa mapema. Wako wanaoligonga kwa kidole na kusikiliza, ila mimi naliamini zaidi baka.

Swali: Tunda tamu zaidi ndilo lenye vitamini nyingi zaidi?

Jibu: La. Pera, ambalo wengi hulidharau, lina takriban miligramu 228 za vitamini C katika gramu 100, wakati chungwa lina kama 53. Embe lenye nyama ya manjano iliyokolea lina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Changanya aina. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku.

Swali: Na juisi?

Jibu: Bora ule tunda lenyewe. Ukikamua na kuchuja, nyuzinyuzi nyingi unazitupa, sukari inabaki.

Swali: Niyahifadhi vipi?

Jibu: Ndizi mbichi usizitie kwenye friji, baridi huzizuia kuiva vizuri. Tunda lililokatwa lifunike, uliweke kwenye friji na ulile mapema. Osha kila tunda kabla ya kulikata, hata lile utakalomenya, kwa sababu kisu hubeba vijidudu vya kwenye ganda hadi ndani.