Kauli ya seneta mmoja sio uamuzi wa Marekani

Ile meseji ya "Marekani imeshatuwekea vikwazo" imerudi tena kwenye magrupu, na ukiifuatilia unakuta chanzo ni barua ya seneta mmoja anayelalamikia demokrasia ya nchi fulani ya Afrika. Jamani hiyo sio sheria. Maseneta wako 100, wawakilishi 435, mswada unatakiwa upite pande zote mbili ndo uende kwa rais asaini, na mingi inafia kwenye kamati tu. Rais anaweza kuweka vikwazo kwa amri yake, ila hapo majina yanatangazwa hadharani, yeyote anayasoma.

Hata uchumi wa kwao ni hivyo hivyo, seneta anaweza kumbana mkuu wa benki kuu kwa maswali kwenye kamati lakini riba hapangi yeye.

Watu wanachanganywa na ile nembo juu ya barua, wanadhani serikali nzima imeongea. Ukiletewa, tafuta namba ya mswada uiingize kwenye tovuti ya bunge lao, ni bure, utaona umefikia wapi. Kama haina namba usiiforwadi tafadhali, kuna watu wana ndugu na biashara huko, wanapandishwa presha bure.